Aliyeshiba Amwandalie Mwenye Njaa: Jinsi ya Kuishi Katika Misimu ya Neema na ya Dhiki

Methali ya aliyeshiba hamjui mwenye njaa tumezoea kuielekeza kwa watu wawili, mmoja anacho na mwingine hana. Kwa mtu ambaye kipato chake huja kwa misimu, watu hao wawili ni yeye mwenyewe. Mmoja anaishi katika mwezi ambao kazi zimejaa na malipo yameingia. Mwingine anaishi miezi minne baadaye, anahesabu sarafu na kuahirisha kwenda kwa daktari. Hawakutani hata siku moja, lakini wa kwanza ndiye anayeamua wa pili ataishi vipi, kwa maana yeye ndiye anayetia sahihi kwenye mikataba, anayetoa ahadi na anayechagua fedha ikae wapi. Mwongozo huu nauandika ili wawili hao wapate kujuana.

Nawaandikia wasiolipwa kiasi kilekile kila mwisho wa mwezi: wakulima, wavuvi, mafundi, wachuuzi, madereva, wasanii, na wote wanaofanya kazi kwa oda au kwa mikataba mifupi. Mimi ni mshonaji, na kwa miaka mingi nimeishi kwa mawimbi hayo, wiki ambazo cherehani hailali zikifuatwa na wiki ambazo kazi yangu kubwa ni kuifuta vumbi. Ninayoyaeleza hayahitaji kipato kikubwa. Yanahitaji daftari, saa chache za kukaa kimya, na kukubali kwamba maandalizi ya dhiki ni kazi ya wakati wa neema. Sisemi kwamba kila dhiki ni kosa la aliyepatwa. Ukame, ugonjwa, vita na kufungwa kwa kiwanda havimuulizi mtu kama alikuwa mwangalifu. Nasema tu kwamba ile sehemu iliyo mikononi mwetu, hata ikiwa ndogo, iko mikononi mwetu mapema zaidi kuliko tunavyodhani.

Kwa nini maamuzi yasisubiri dhiki

Mwaka 2013 watafiti Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya miongoni mwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, ambao hupata sehemu kubwa ya kipato chao baada ya mavuno. Hawakumlinganisha tajiri na maskini. Walimpima mkulima yuleyule mara mbili, kabla ya mavuno akiwa amebanwa na baada ya mavuno akiwa amepumua, kwa majaribio ya kufikiri na ya kuizuia akili isikimbilie jibu la haraka. Kabla ya mavuno wakulima hao walifanya vibaya zaidi, na watafiti walipochunguza kama chanzo ni lishe, wingi wa kazi au uhaba wa muda, hawakuona kwamba mambo hayo yanatosha kuieleza tofauti hiyo. Maelezo yao ni kwamba upungufu wenyewe huikalia akili, ukabakiza nafasi ndogo kwa mambo mengine.

Aliyewahi kuishi hali hiyo hahitaji kuthibitishiwa. Katika mwezi mmoja mgumu nilikata suruali ya mteja ikawa fupi kwa sentimita 6, kwa sababu mkono ulikuwa unachora chaki na akili ilikuwa kwa mwenye nyumba. Nilimnunulia kitambaa kingine kwa fedha ambayo sikuwa nayo. Hivyo ndivyo dhiki inavyozaa dhiki nyingine: haimpunguzii mtu fedha peke yake, inampunguzia na uangalifu ambao ungemsaidia kuilinda ile kidogo iliyobaki.

Kutokana na hilo nimejiwekea utaratibu ambao sehemu zote zinazofuata zinauegemea. Mpango wa matumizi ya fedha ya neema uandikwe kabla fedha haijaingia, na mpango wa kupunguza matumizi wakati wa dhiki uandikwe wakati tumbo limeshiba na akili imetulia. Kila mpango uandikwe na yule ambaye hajashikwa bado na hali husika, kwa sababu yeye ndiye anayeona vizuri.

Uchore mwaka wako

Kaa na daftari, na uandike kila kilichoingia kwa miezi 12 iliyopita, mwezi kwa mwezi. Ukiweza kurudi nyuma miezi 24 ni bora zaidi, kwani mwaka mmoja unaweza kuwa wa kipekee. Tumia ujumbe wa malipo uliobaki kwenye simu, stakabadhi, kitabu cha oda, hata kumbukumbu ya mwenzi wako. Andika kilichoingia katika mwezi kilipoingia kweli, wala si katika mwezi ulipofanya kazi, kwa kuwa mtu hali kazi aliyoifanya bali malipo aliyoyapokea.

Sasa tazama mfano huu, ambao nimeuweka kwa vipimo badala ya fedha ili kila msomaji aweke sarafu yake. Mtu amepata, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili: 120, 110, 40, 30, 30, 20, 90, 130, 60, 30, 20 na 40. Jumla ni 720, na wastani ni 60 kwa mwezi. Mtu mwenye nidhamu angesema, basi nitatumia 60 kila mwezi na mwaka utafungwa bila deni. Hesabu ya mwaka inamkubalia, lakini hesabu ya miezi inamkataa. Miezi miwili ya mwanzo inamwachia ziada ya 110. Mwezi wa tatu anapungukiwa 20, wa nne 30, wa tano 30, na akiba imebaki 30. Mwezi wa sita anapungukiwa 40. Amekwama kwa 10, miezi miwili kabla ya mwezi wake mkubwa kuliko yote, na hajafanya anasa yoyote. Hapo ndipo watu wengi waangalifu hukopa kwa riba na kujilaumu bure, wakidhani walitapanya.

Wastani haukuonyeshi shimo. Kwa hiyo, pamoja na wastani, tafuta kina cha shimo lako: chukua mfululizo mrefu zaidi wa miezi ya chini, jumlisha upungufu wa kila mwezi, na namba utakayoipata ndiyo akiba unayopaswa kuwa nayo mkononi siku mfululizo huo unapoanza. Katika mfano wetu, anayetumia 60 ana shimo la 120 kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Akishuka hadi 50 kwa mwezi, shimo linakuwa 80, naye akianza mwaka bila kitu anafika mwezi wa sita akiwa na 50 kibindoni, na mwisho wa mwaka anabaki na 120. Amepunguza matumizi kwa sehemu moja ya sita tu, na mwaka wake umegeuka kabisa.

Ukiona hesabu hii inakuchosha, mwombe mtoto wa shule akusaidie kujumlisha, lakini usiiruke. Katika mwongozo huu wote sina kitu ninachokithamini zaidi ya ukurasa huo mmoja wa daftari.

Jilipe mshahara

Ukishapata namba yako, ile 50 ya mfano, ifanye kuwa mshahara. Malipo yote yaingie mahali pamoja, iwe akaunti, iwe laini ya simu ambayo hununulii chochote. Mahali hapo mimi napaita ziwa, na kutoka hapo ujilipe kiasi kilekile tarehe ileile ya kila mwezi. Mwezi wa 130 unapokea 50, na mwezi wa 20 unapokea 50. Nyumba yako ijue mshahara tu, isiishi kwa kutazama oda.

Hata nchi hufanya hivyo. Norway ilipoanza kupata fedha nyingi za mafuta ilitunga sheria ya mfuko maalumu mwaka 1990, fedha ya kwanza ikawekwa mwaka 1996, na mwaka 2001 ikajiwekea kanuni kwamba kiasi kinachotolewa kwenda kwenye bajeti ya serikali kifuate takriban asilimia 4 ya thamani ya mfuko, kiwango kilichoshushwa hadi asilimia 3 mwaka 2017. Bei ya mafuta ikipanda ghafla, anayepokea wingi huo ni mfuko, na bajeti inaendelea kwa mwendo wake. Familia haina visima vya mafuta, lakini inaweza kuiga kitu kimoja kutoka hapo, yaani kuacha kiasi cha matumizi kiamuliwe na kanuni iliyowekwa mapema badala ya ukubwa wa pato la mwezi huo.

Miezi ya kwanza ni migumu, nakiri, kwa sababu ziwa lenyewe bado halina maji. Anayeanza katikati ya ukame ajilipe anachoweza, na autumie mwezi mkubwa wa kwanza utakaokuja kujaza ziwa kabla ya jambo jingine lolote.

Siku fedha inapoingia

Fedha nyingi hupotea katika siku chache za mwanzo, na si lazima iwe kwa starehe. Hupotea kwa sababu haikuwa na jina. Mwenye fedha isiyo na jina hukubali kila hoja, na hoja nyingi ni nzuri kweli: mtoto anahitaji viatu, paa linavuja, rafiki amekwama. Kwa hiyo andika orodha ya mgawanyo kabla ya malipo, na uitekeleze siku ileile yanapoingia, ikiwezekana kabla jua halijazama.

Utafiti mmoja uliofanywa magharibi mwa Kenya unaonyesha uzito wa siku hizo. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011, walieleza jinsi walivyowapa wakulima nafasi ya kununua mbolea mara tu baada ya mavuno na kuletewa bila gharama ya usafiri. Matumizi ya mbolea yaliongezeka kwa asilimia 47 hadi 70, ongezeko lililozidi lile lililopatikana kwa kuwaletea mbolea ya kununua bila gharama ya usafiri baadaye katika msimu, hata pale bei ilipopunguzwa kwa nusu. Wakulima hao hawakukosa elimu ya mbolea. Walihitaji kuinunua wakati fedha ikiwa bado mkononi, kabla mahitaji ya miezi iliyofuata hayajaimaliza.

Mpangilio ninaoufuata mimi unaanza na deni lenye riba kubwa, hasa ile mikopo ya siku kwa siku ambayo watu wameibatiza kausha damu, kwa sababu hakuna akiba duniani itakayokua kwa kasi ya deni hilo. Dawa ya deni ni kulipa, na dozi yake hutolewa siku ya neema. Baada ya deni ninajaza vitendea kazi: nyuzi, sindano, vipuri vya cherehani, kama ambavyo mkulima angenunua mbegu na mvuvi angeshona nyavu. Kisha ninalipa mapema yale yanayojulikana kuwa yatakuja, kodi ya nyumba ya miezi kadhaa, ada ya shule, bima ya afya. Fedha iliyolipwa mbele ina faida ambayo iliyowekwa akiba haina: haiwezi kuombwa na mtu yeyote, wala mimi mwenyewe siwezi kuirudia usiku nikiwa na tamaa. Kinachobaki kinaingia kwenye ziwa.

Humo humo ndani ya orodha weka fungu la furaha, dogo lakini la kweli. Sipendi ushauri unaomtaka mtu aishi mwaka mzima kana kwamba yuko dhikini, kwa sababu nimeona unavyoishia: mtu anajinyima miezi mitatu, uzalendo unamshinda, anatumia kwa wiki moja yote aliyojinyima. Watu wa nyumbani waliovumilia miezi mikavu wanastahili kuiona neema kwa macho yao. Fungu hilo likiisha, limeisha.

Na asidhani mtu kwamba kipato kikubwa kitamwondolea haja ya mambo haya. Mwaka 2015 Kyle Carlson na wenzake walichapisha uchunguzi wa wachezaji wa ligi kuu ya futiboli ya Marekani waliosajiliwa kati ya mwaka 1996 na 2003, watu wanaolipwa fedha nyingi sana kwa miaka michache. Ndani ya miaka 12 baada ya kustaafu, karibu asilimia 16 walikuwa wamefilisika kisheria, na kucheza kwa miaka mingi au kulipwa zaidi hakukuwakinga sana. Wao nao walikuwa na msimu wa neema, ila wa kwao ulikuja mara moja tu maishani.

Akiba ikae wapi

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa heshima zote, huoza. Nafaka iliyohifadhiwa ikiwa na unyevu huota kuvu, na fedha iliyofichwa chini ya godoro huliwa na mfumuko wa bei bila kuacha alama ya jino. Kuna njia fupi ya kukadiria: gawanya 72 kwa asilimia ambayo bei hupanda kila mwaka, na jibu ni takriban idadi ya miaka itakayochukua kwa bei kuwa maradufu, yaani fedha yako kununua nusu ya ilichonunua. Bei zikipanda kwa asilimia 6 kwa mwaka, ni miaka 12. Kwa akiba ya kuvuka miezi sita madhara hayo ni madogo, na usiyaogope kiasi cha kuipeleka akiba hiyo kwa mtu anayekuahidi faida ya ajabu. Kazi ya akiba ya dhiki ni kuwepo siku unapoihitaji. Faida ni kazi ya fedha nyingine.

Igawe katika sehemu mbili. Ya kwanza, ya kutosha wiki mbili au tatu, iwe karibu, kwa sababu mtoto akiugua usiku huwezi kusubiri ofisi zifunguliwe. Ya pili iwe mbali kidogo, mahali ambapo kuitoa kunahitaji safari, sahihi ya mtu wa pili, au kungoja tarehe. Mwaka 2006 Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin walichapisha jaribio la Ufilipino ambapo wateja wa benki moja walipewa nafasi ya kufungua akaunti ambayo wenyewe wangeizuia isitolewe fedha hadi tarehe au kiasi walichokichagua. Baada ya miezi 12, akiba ya waliopewa nafasi hiyo ilikuwa imekua kwa pointi 81 za asilimia zaidi ya ile ya kundi lisilopewa, ingawa si wote walioikubali. Kufuli hiyo si dalili ya udhaifu. Aliyeshiba anajua kwamba ataonja tena njaa, naye anafunga mlango kwa niaba ya huyo atakayekuja.

Vikundi vya kuweka na kukopa ni kufuli nzuri pia, kwa sababu aibu ya kukosa mchango mbele ya wenzako inamkumbusha mtu kuliko ahadi aliyojipa peke yake. Angalia tu wanachama ni akina nani. Kikundi cha washonaji watupu hukauka chote kwa wakati mmoja, kila mtu anataka kukopa na hakuna wa kuweka. Tafuta kikundi chenye watu wa misimu tofauti, ambamo mwezi wako mkavu ni mwezi wa mavuno wa mwenzako.

Mambo yanayojirudia

Hatari kubwa ya neema, kwa maoni yangu, ni yale matumizi yanayoanza leo na kuendelea kudai kila mwezi. Karamu moja, hata iwe kubwa, huisha. Nyumba ya kodi kubwa zaidi, pikipiki ya mkopo, shule ya ada ya juu, ahadi ya kumtumia ndugu kiasi fulani kila mwezi, hivyo vyote vinabaki mezani wakati mwezi wa 20 unapofika. Kabla ya kukubali chochote kinachojirudia, kipime kwa mwezi wako wa chini kabisa katika ule ukurasa wa daftari. Kama kinabebeka mwezi huo, kikubali kwa moyo mweupe. Kama hakibebeki, tafuta namna ya kukifanya mara moja: mlipie mdogo wako ada ya muhula mzima badala ya kuahidi kumlipia hadi amalize.

Suala la ndugu na marafiki linahitaji upole na ukweli kwa pamoja. Simwambii mtu afiche mafanikio yake wala awakimbie wa kwao, kwa sababu katika dhiki hao hao ndio ukuta wa mwisho, na ukuta hujengwa kwa kupeana. Weka fungu la kusaidia ndani ya orodha yako, na likiisha sema limeisha, bila kusingizia. Mimi husema hivi: "Ndugu yangu, nilichotenga kwa ajili ya kusaidiana mwezi huu kimeisha. Nikumbushe tarehe mosi, utakuwa wa kwanza." Wengi hupokea vizuri, kwa kuwa wamepewa tarehe, na kwa kuwa nikifika tarehe hiyo ninatimiza.

Dhiki inapoonekana kwa mbali

Dhiki ina dalili zake. Oda mpya zinapungua wakati za zamani bado zinakuweka na shughuli, wateja wanaanza kuomba kulipa nusu, simu zinachelewa kujibiwa. Kosa la kawaida ni kungoja hadi fedha iishe ndipo mtu akaze mkanda. Anayepunguza matumizi mapema hupunguza kidogo, na anayechelewa hulazimika kukata kwa shoka. Chagua alama yako mapema, kwa mfano siku ziwa linaposhuka chini ya mshahara wa miezi mitatu, na siku hiyo anza kufuata ule mpango ulioandika ukiwa umeshiba, bila kujadiliana nao.

Katika mpango huo panga mambo kwa jinsi yatakavyokuumiza yakikatizwa. Chakula cha watoto, dawa za mgonjwa wa muda mrefu, paa na vitendea kazi vikae juu kabisa. Chini kabisa yakae yale ambayo yakisimama kwa miezi mitatu hakuna kitakachoharibika, na hayo ndiyo yaanze kusimama. Nakuomba usianze na chakula na dawa kwa sababu tu ndivyo vinavyokatika kimyakimya bila kumwonea mtu aibu. Wazazi wengi, hasa akina mama, huanza kwa kupunguza sahani yao wenyewe, na gharama yake huja baadaye ikiwa ni ugonjwa.

Wadai wako waendee kabla hawajakutafuta. Mtu anayekwenda kwa mwenye nyumba wiki mbili kabla ya tarehe, akiwa na sehemu ya kodi mkononi na tarehe ya kumalizia, hupokelewa tofauti na anayezima simu. Usitoe tarehe ya kumridhisha tu. Toa tarehe unayoiamini kisha uisogeze mbele kwa wiki moja, kwa sababu katika dhiki malipo ya wateja nayo huchelewa. Mweleze mwenzi wako hali ilivyo kwa namba, na watoto waelezwe kwa kadiri ya umri wao. Siri ya dhiki ndani ya nyumba ni mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Na tafadhali, usiuze kitendea kazi. Hili nalisema kwa uchungu. Katika mwaka mmoja uliokuwa mbaya kuliko mingine niliiuza cherehani yangu ya pili, ile nzito ya kushonea vitambaa vigumu, kwa chini ya nusu ya bei niliyoinunulia. Fedha ile ilitulisha wiki tano. Wiki ya saba ikaja oda ya mapazia ya jengo zima, nami nikaenda kwa aliyeinunua kuomba aniazime. Alinikodisha, tena kwa haki kabisa, na kwa muda wa oda ile nililipa kodi iliyokaribia bei aliyoinunulia kwangu. Nakumbuka nilivyokaa mbele ya cherehani ile na kuona alama ya mkasi niliyoichora mwenyewe ubavuni mwake. Kama lazima uuze, uza cha kukaa sebuleni, uza cha kuvaa, kopa kwa ndugu kwa unyenyekevu, kodisha kitendea kazi hicho kwa mtu mwenye kazi na ukichukue zamu yako ikifika. Kinachokuletea kesho kiuzwe mwisho wa yote.

Muda unaoachwa wazi na kazi nao ni mali, ingawa ni vigumu kuuona hivyo moyo ukiwa mzito. Rekebisha vifaa, watembelee wateja wa zamani, jifunze ushonaji ambao ulikuwa ukiukataa kwa kukosa nafasi. Lala. Na maamuzi makubwa, kama kuhama, kuacha kazi, au kuweka shamba rehani, yapumzishe siku tatu na kumshirikisha mtu ambaye hayumo katika dhiki hiyo, maana akili yako wakati huo, kama ya wale wakulima wa miwa, imekaliwa.

Neema inaporudi

Sehemu hii watu hawaizungumzi, na ndiyo iliyonirudisha nyuma mara nyingi. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mwanasayansi Ancel Keys aliwaongoza wanaume 36 waliojitolea kupunguziwa chakula kwa karibu miezi sita, ili ijulikane namna bora ya kuwalisha watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Katika miezi hiyo walifikiri chakula, wakaongea chakula, na wengine wakasoma vitabu vya mapishi kwa shauku. Lakini jambo linalonigusa ni la baadaye. Waliporuhusiwa kula watakavyo walikula kupita kiasi, na baadhi walisema bado wana njaa hata matumbo yakiwa yamejaa.

Mfuko nao una tabia hiyo. Malipo ya kwanza baada ya ukame yanakuja na hamu ya kulipiza miezi yote iliyopita kwa wiki moja. Yategemee, na uyapangie mapema kwa ukali zaidi kuliko malipo mengine. Mimi huyagawa mafungu matatu yaliyo sawa. Fungu moja ni la wale walionivumilia, kuanzia mwenye deni dogo, kwa kuwa idadi ya wadai ikipungua usingizi hurudi haraka. Fungu la pili linaingia kwenye ziwa hata kama deni halijaisha, kwa sababu anayelipa madeni yote kwa mpigo na kubaki mtupu hukopa tena tatizo dogo la kwanza likitokea. Fungu la tatu ni la nyumbani, na humo ndani mna mlo mmoja mzuri ambao hauahirishwi.

Wiki hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijafifia, ninafungua ule ukurasa wa daftari na kuandika mambo manne: tarehe dhiki ilipoanza kweli, tarehe niliyoitambua, kilichonisaidia zaidi, na nilichokiuza au kukikopa. Mara ya mwisho nafasi kati ya tarehe mbili za kwanza ilikuwa siku 41. Mara iliyotangulia ilikuwa siku 70.